Mama Anapowataja Watu

Kumpiga picha mtu anayeimba ni kazi ya kuudhi. Kwanza kuna maikrofoni, ambayo hukaa palepale unapoutaka mdomo. Halafu kuna hema: likiwa la kijani, kila uso chini yake utatoka wa kijani, hata ungekuwa na kamera ya aina gani. Nyuma ya mwimbaji hakukosi bango la mwanasiasa anayecheka. Na mwimbaji mwenyewe, akifika pale penye utamu, anafumba macho. Nimewafuata wapiga ngoma na wacheza kayamba wa Kitui na Makueni kwa miaka mingi, na sijawahi kuzipenda picha za watu waliopangwa mstari wakaambiwa watabasamu. Mimi naitaka ile sura ambayo mtu hajui kwamba anaonekana. Studio yangu katika mji wa Kabati hunilisha kwa picha za pasipoti na harusi. Jukwaani naenda kwa sababu napenda.

Mwimbaji niliyemfuata kuliko wote ni mama yangu.

Zamani alikuwa ngui, yaani yule anayetangulia wimbo, katika kundi la wanawake wa kilumi, ngoma ya kale ya Wakamba, huko Zombe. Wenzake hubana zile ngoma ndefu katikati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja, yeye huimba. Lakini kazi ya ngui si kuimba tu. Anawaangalia watu waliokuja, mmoja mmoja, na kuwatia ndani ya wimbo. Anakutaja kwa jina, kwa ukoo, kwa jambo ulilofanya ukidhani limesahaulika. Ukitajwa unainua mkono na kujibu wewe ni mtoto wa nani. Usipotajwa unarudi nyumbani mnyonge kama mtu aliyerukwa na sahani harusini.

Alipookoka aliacha ngoma, nami nikiwa bado mdogo. Miaka yote iliyofuata aliimba kwaya kanisani, nyimbo zisizomtaja mtu yeyote wa kijijini. Siku hizi mambo yamelegea. Kilumi kikipigwa kichakani bado ni mapepo. Kikipigwa jukwaani mbele ya mgeni wa heshima ni utamaduni, na pasta huketi safu ya mbele akinywa maji ya chupa.

Kisha mama akaanza kusahau. Alianza na sufuria mekoni, ikafuata njia ya kisimani, halafu tukafuata sisi watoto. Dada yangu ndiye anayekaa naye, kwa hiyo mimi wa Kabati nilitangulia kusahaulika. Nikienda kumwona, ananichukulia kuwa nesi wa zahanati. Ananishukuru kwa heshima zote, ananikaribisha chai, na jua likianza kushuka ananihimiza niondoke.

"Enda, mwanangu," ananiambia. "Mama yako atakuwa na wasiwasi."

Hilo neno mwanangu usilihesabu. Angemwambia hivyo hata muuza mafuta ya taa.

Rafiki yake wa zamani, mpiga ngoma mkuu wa lile kundi, ndiye aliyempandisha jukwaani siku moja pale Zombe soko jipya lilipofunguliwa. Alisema tu kwamba haitamdhuru kukaa na wenzake. Ngoma ilipolia, mama aliamka. Sina neno lingine. Alisimama, akaishika maikrofoni kana kwamba aliiacha jana, akaanza kuwataja watu. Alimtaja chifu mstaafu. Alimtaja mwanamke aliyekuwa jirani yetu, akataja na mbuzi wa huyo jirani aliyepotea zamani na nyumba ambako hatimaye alipatikana, mpaka watu wakashika mbavu. Akamtaja dada yangu, aliyeketi mbele, kwa jina la utani alilompa akiwa mchanga. Dada aliinua mkono akajibu huku analia. Wimbo ulipoisha, uso wa mama ukarudi kuwa mtupu, akatuuliza pale ni wapi.

Mimi nilikuwa nyuma ya spika, nimeficha uso kwa kamera. Nilikuwa na sababu. Mama ni wa kizazi cha picha ya kipande, yaani ya kitambulisho. Akiona kamera anaketi wima, anaweka mikono magotini na kufunga mdomo, na wimbo unaishia hapo. Ilibidi nijifiche. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mgongo ukauma. Kuanzia siku ile nilitaka vitu viwili kwa pamoja: picha ya uso wake ukiwa umerudi, na kusikia akinitaja. Sikuona kwamba kimoja kinakizuia kingine. Dada aliona mara moja.

"Mama anaimba watu wenye anaona," aliniambia. "Na wewe umeficha uso. Weka hiyo kitu chini akuone."

Nilimjibu kwa hasira kwamba wimbo unapita, picha inabaki. Akaniuliza itabaki ikimsaidia nani. Hatukusemezana siku kadhaa. Ukweli ambao sikumwambia ni kwamba niliogopa. Kamera ikiwa usoni, ningeweza kusema mama hakunitaja kwa sababu hakuniona. Nikiishusha, halafu anitazame na asinitaje, ningesema nini?

Basi nikaendelea kuinama. Kundi likialikwa mahali, mimi nilikuwa nimeshafika na kuchagua spika yangu. Nilipata mshipa wa shingo yake, nikapata jicho moja kali juu ya kiganja cha mpiga ngoma, nikapata kivuli cha maikrofoni kikimkata mdomo. Wateja walioziona ukutani studio walizisifu. Mimi niliziona ni takataka, kwa maana katika zote hakuna iliyokuwa na kile nilichokiona kwa macho yangu mwenyewe. Na mama alikuwa anapungua. Walipoimba Kabati alimtaja mzee mmoja, akamaliza, akamtaja tena upya. Kisha akamwimbia mwanamke ambaye tulishamzika, na watu, kwa wema wao, wakamjibia marehemu. Nilirudi studio nikafunga mlango nikalia juu ya mashine ya kukatia picha. Nilikuwa nikimwomba Mungu vibaya siku hizo, kwa kumtisha, kama mtu anayegombana na karani. Mara moja tu, nilimwambia. Anitaje mara moja tu, halafu uchukue kilichobaki.

Halafu wakaitwa Nunguni. Kule juu milimani kulikuwa na ukungu na baridi, wakulima wamevaa majaketi mazito, na wale akina mama wetu wa nchi ya joto wakatetemeka ndani ya shanga zao. Mpiga ngoma mkuu alituita kando kabla ya kupanda. Alisema kwamba safari iliyopita mama alikuwa karibu kukanyaga nje ya ukingo wa jukwaa, na yeye hawezi kupiga ngoma na kumshika mtu kwa wakati mmoja. Hii itakuwa ya mwisho, alisema, na akatuomba tusimchukie. Dada akamshika mkono. Mimi nilikwenda kutafuta spika.

Wimbo wa kwanza mama hakumtaja mtu. Aliimba kiitikio pamoja na wengine akichungulia viatu vyake. Wimbo wa pili ngoma zilipokaza, uso ukaanza kurudi. Nikauona kwenye lenzi, ukiwa safi, bila maikrofoni mbele yake, nikabofya na kubofya. Akamtaja mwenyekiti wa sherehe. Akataja ukoo wa wanawake waliokaa chini ya hema la pili, wakapiga vigelegele. Akafika kwa dada. Nikamwona dada ameanza kuinua mkono. Mama akamtazama, akampita, akamtaja mtu aliyeketi nyuma yake.

Mkono wa dada ulibaki nusu njia, halafu akajifanya anarekebisha kitambaa kichwani.

Hapo nikajua hakuna kesho ya kungojea. Niliiacha kamera ining'inie kifuani nikatoka nyuma ya spika. Kijana wa itifaki alinizuia. Nilimsukuma, na sijamwomba radhi mpaka leo. Nikasimama chini ya jukwaa, mbele kabisa, uso wazi, nywele timutimu, nimeikaza miguu kama mtoto anayesubiri sindano. Rafiki yake mama aliniona, akalegeza mapigo ili mama apate nafasi.

Mama alinitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mtu yeyote siku ile, mpaka akainama kidogo kunikagua. Na akaimba, kwa Kikamba chake cha Zombe, ile sauti yote ikiwepo. Aliimba kwamba huyu msichana amesimama kwenye baridi bila koti. Aliimba kwamba paji hili la uso analijua, ni paji la watu wa nyumba yake. Akauliza, na kundi likamwitikia kwa sauti ya chini sana: nani amemzaa huyu? Mama aliyezaa mtoto huyu yuko wapi? Asimame apigiwe vigelegele.

Vigelegele havikutoka. Wale wanawake wote walinijua tangu utotoni. Mmoja alijifunika mdomo kwa kiganja, na mpiga ngoma mkuu akainamia ngoma yake. Watu wa Nunguni, wasiojua lolote, wakageuza shingo huku na huku wakingoja mwanamke asimame.

Mtu akitajwa anajibu. Niliinua mkono.

"Mama yangu yuko hapa," nilisema. "Yuko mbele yangu, jukwaani."

Mama akafurahi. Akageuka nyuma kumtafuta. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kutoka mwisho wa mstari hadi mwisho, kwa subira, naye kila aliyetazamwa alitazama chini. Kisha akanirudia, maikrofoni ameishusha, akaongea nami kawaida kama mtu anayeongea na mgeni mlangoni.

"Simwoni," alisema. "Lakini ukifika nyumbani, mwambie nimemsalimia."

Nilimwambia nitamwambia.