Cheti cha Mwalimu Jelagat

Jelagat ni nesi, anakaa Erdington, huku ughaibuni, na ndiye aliyetufundisha sisi watunza wazee kukaa kimya. Wenyewe wanaita mindfulness. Kila Jumamosi tulipanga viti duara katika ukumbi wa kanisa, tukafumba macho, naye akauliza swali lake lile lile: "Unasikia nini mwilini?" Ujibu hata upuuzi, alisema tu, "Sawa. Kaa na hilo." Nilimcheka miezi miwili. Kisha nikaanza kupata usingizi, nikaacha kucheka.

Alitaka kusajiliwa. Bila cheti, kliniki isingempa darasa la wagonjwa, na hakuna kitu alichokitamani kama darasa hilo. Masharti yalikuwa chungu nzima: mafunzo, siku za ukimya, msimamizi, video ya somo zima. Tena fomu, yenye swali kama umefiwa karibuni, kwa sababu aliyefiwa hutakiwa apumzike kwanza asije akawabebesha wanafunzi msiba wake.

Jelagat alijibu hapana.

Siku ya kurekodi, Nyambura, mwenzetu wa darasani, aliangua kilio katikati ya somo. Jelagat hakupepesa jicho. Alingoja, akauliza swali lake, akaendelea. Mkaguzi, Navdeep, aliandika kwamba hajawahi kuona mwalimu mtulivu namna ile. Akampitisha.

Nikampigia simu. "Hongera, Mwalimu! Umeshaambia mama? Si atafurahi!"

"Mama alikufa," alisema, kama mtu anayesoma saa za basi. "Wiki tatu sasa. Mazishi niliyaona kwa simu. Edah, please, usiweke kwa group."

Nilikasirika, sitaficha. Sisi Wakenya wa hapa ukifiwa unaambia mtu mmoja, naye anaweka kwa group, na kabla ya jioni nyumba yako imejaa watu na chai. Jelagat alijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba msimamizi wake yumo kwenye group hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kwa huyu hata kilio hakikuja.

Nikaweka kwa group.

Jioni tulikuwa kumi na mmoja sebuleni kwake. Tuliimba, tukaomba. Nyambura alilia tena, safari hii kwa niaba ya mwenye nyumba. Jelagat alikaa katikati yetu, chai ikipoa mkononi.

"Nimeandikia Navdeep ile ukweli ya form," aliniambia. "Wamesema cheti nirudishe."

"Umeumia?"

Nikavuta kiti karibu. Nilitafuta neno la kumpa, nikajikuta sina lingine ila lake mwenyewe.

"Unasikia nini mwilini, Mwalimu?"

Alifumba macho.

"Hakuna kitu, Edah. Hata miguu siisikii."

"Sawa," nikamwambia. "Kaa na hilo."

Nikampokea kile kikombe baridi, nikamshika mkono.