Mikono ya Mkwe Wangu

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tisa. Hapana, ngoja kwanza. Elfu mbili na tisa ndio waya wa kreni yetu ulikatika, tukakaa wiki sita tunafundishia ubaoni, na mkwe wangu alikuwa hajawa mkwe bado. Basi ni elfu mbili na kumi na moja, kwa sababu binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwaka aliozaliwa huyo mjukuu siwezi kuukosea. Cheti chake nilikwenda kukichukua mwenyewe, wakaniandika mimi kuwa ndiye baba wa mtoto, ikabidi nipange foleni upya.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kufundisha. Watu wakisikia mkufunzi wanadhani nimesoma sana. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililipita kwa kusukumwa. Lakini nilifanya kazi ya deki miaka ishirini na saba, kwenye zile meli zinazohudumia mitambo ya gesi iliyosimama katikati ya bahari. Si meli za abiria hizi, wala si zile ndefu za makontena. Mbele ina nyumba ya mabaharia, nyuma yote ni deki tupu kama uwanja. Huko nyuma ndiko yanakopangwa mabomba, matangi ya maji, masanduku ya chuma yenye chakula na vipuri. Meli ikifika chini ya mtambo, kreni ya huko juu inateremsha kulabu, watu wawili wa deki wanafunga mzigo, mzigo unapaa. Ukieleza hivi ni kazi ya kitoto. Shida ni kwamba kreni imesimama na meli haisimami. Wimbi likiinua meli wakati mzigo unashuka, vyuma viwili vinakutana, na mtu akiwa katikati hapo hana lake.

Niliteremka melini kwa mara ya mwisho na vidole vyangu vyote kumi, na jambo hilo liliwasumbua sana wanafunzi wangu.

"Mzee," wananiambia, "mwalimu wa kazi hii mwenye vidole kumi, ameona nini huyo?"

"Nimeona vidole vya wenzangu," nawajibu. Hapo wanaanza kutazama vidole vyao.

Meli ya kufundishia hatukuwa nayo. Tulichora deki kwa rangi kwenye sakafu ya saruji, nyuma ya ghala moja la zamani, kwa kipimo chake kamili. Nilipima mwenyewe kwa hatua. Pembeni tukachomelea vyuma vya ukingo vilivyotolewa kwenye meli mbovu, vikiwa bado na kutu yake. Tukapiga mstari wa njano: mzigo ukiwa hewani, wewe unakaa nyuma ya mstari. Mzigo wetu ulikuwa kontena dogo tulilolijaza mchanga, tani mbili na ushee. Na mawimbi yetu alikuwa Shangazi.

Shangazi ndiye aliyekuwa dereva wa kreni. Nusu yetu tulimzidi umri, lakini sote tulimwita hivyo, hata mkuu wa chuo. Alijua kulinyanyua kontena ghafla na kulibwaga ghafla, kiasi kwamba ungeapa sakafu ndiyo iliyocheza. Kabla ya kufanya hivyo aliwaonya redioni kwa sauti tamu kama anayewakaribisha chai: "Wimbi hilo, wanangu. Kaeni sawa."

Nilikuwa na mengi ya kufundisha, ila yote yalirudi pale pale: mzigo unaoning'inia hausaidiwi. Unauongoza kwa kamba, ukiwa mbali. Ukikuzidi, unaachia kamba unaondoka. Na mkono usio na kazi ya kamba unashika mkanda wa jaketi lako okozi, hapa begani, unabaki hapo mpaka mzigo utue. Nilikuwa nikipita nyuma yao napiga kelele, "Shikeni mabega! Mabega!" mpaka watu wa ghala jirani wakawa wakiniona njiani wananishikia mabega yao na kucheka. Tena nikawafundisha neno moja: simama. Mtu yeyote, hata mpishi aliyetoka kumwaga maji ya viazi, akiona hatari anasema "simama" na kreni inasimama. Hakuna wa kumuuliza yeye ni nani.

Sasa mkwe wangu.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa mchukuzi kwenye ghala la saruji, miaka kumi na miwili anabeba mifuko. Mtu wa kimya, mpana kama mlango. Alikuwa na mikono yenye akili zake yenyewe. Kikombe kikitaka kuanguka mezani, yeye amekidaka kabla wewe hujakiona. Kiti kikiyumba anakishika, huku anaendelea kuzungumza na mtu mwingine. Na ndivyo alivyompata binti yangu. Siku binti alipokuwa anahamia chumba chake, kabati lilichomoka juu ya mkokoteni, na huyu bwana, aliyekuwa anapita zake tu, akalipokea kwa kifua. Akasimama nalo pale barabarani, akamuuliza binti, "Dada, hili unalitaka wapi?" Miezi minane baadaye tulikuwa tunapokea wageni wa harusi.

Basi mtu kama huyo ukimpeleka kwenye deki ni balaa. Kontena likiyumba tu, mikono yake imeshafika. Mtihani wa kwanza alilisukuma kwa kiganja, akafelishwa. Wa pili akalikumbatia. Nasema akalikumbatia! Mkaguzi wa mtihani alifunga faili lake bila hata kukaa kitini.

Kwa utaratibu wetu mtihani ulikuwa mara tatu, ukianguka ya tatu hurudi tena. Na meli ilikuwa imeshampa nafasi, mtihani Jumatatu, meli inaondoka Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Kule kwenye saruji kifua kilikuwa kimeanza kumkorofisha, usiku anakohoa mpaka binti yangu anahama kitanda. Kwa hiyo ilikuwa ama cheti, ama arudi kwenye vumbi na mtoto yuko njiani.

Nami nilikuwa na tatizo langu la pembeni. Huyu ni mkwe. Nyumbani nikiingia anasimama, chakula hali mpaka nimekaa, na hajawahi kunitazama usoni zaidi ya salamu. Halafu asubuhi nimshikie kipaza sauti: "Wewe! Mikono! Unataka kuzikwa na kontena?" Anajibu, "Samahani, baba." Wenzake wanaangua kicheko. Nilimwambia hapa niite mkufunzi. Akasema, "Sawa, baba."

Ijumaa kabla ya mtihani, binti yangu akaja na dawa yake. Alimvalisha mume wake jaketi okozi mezani, la rangi ya chungwa, akamwambia, "Shika mabega." Akachukua kikombe cha plastiki akakisogeza ukingoni. Kikombe kikaanguka, na mume akakidaka.

"Hapana," binti akasema. "Rudia."

Walirudia wikiendi nzima. Vikombe vya plastiki, vifuniko vya sufuria, mwiko, kiatu changu. Kila kilichoanguka kilipiga kelele, na mke wangu jikoni akawa anauliza, "Nyumba hii mnaibomoa au mnaijenga?" Jumapili jioni mkwe alikuwa ameacha kudaka vile vya plastiki, lakini mabega yalikuwa yakimtetemeka kama mtu mwenye baridi.

Binti akasema, "Hivi vya plastiki anajua havivunjiki. Anatudanganya." Akanyoosha mkono, akalisukuma birika la mama yake.

Lilikuwa birika la udongo, jeupe, lenye maua ya buluu, tulilopewa na shangazi yake mke wangu tulipooana. Lilienda polepole. Mkwe wangu alifumba macho. Lilipotua sakafuni, kila mtu ndani ya nyumba alilisikia.

Mke wangu akatoka jikoni, akatazama vipande, akamtazama mkwe, ambaye alikuwa bado ameshika mabega na jasho linamtoka.

"Basi amefaulu," akasema. "Na chai mtanywea kwenye kofia zenu ngumu."

Jumatatu mkaguzi alifika mapema, mtu mwembamba, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Mtihani unataka watu wawili kwenye deki. Mwenzake mkwe wangu akawa amelala na homa. Mkaguzi akatazama huku na huku, akaniambia, "Mzee, vaa jaketi, uwe mtu wa pili. Humsaidii chochote, unashika kamba yako tu. Anayeongoza ni yeye."

Nikavaa. Nilikuwa sijavaa jaketi kwa kazi zaidi ya miaka miwili, nikaona limenibana tumboni, nikamwona Shangazi kule juu anacheka.

Mkwe akachukua redio. Sauti yake sikuitambua. "Kreni, pandisha taratibu." Shangazi akapandisha. "Lete kwangu. Taratibu. Taratibu." Kontena likaja, kamba moja kwangu, moja kwake, sisi wote nyuma ya mstari wa njano. Safi kabisa. Na hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa deki anatazama mzigo. Mimi nilikuwa natazama mikono ya mkwe wangu.

"Wimbi hilo, wanangu," Shangazi akasema.

Kontena likaruka, likazunguka robo, likaanza kuelekea kwenye vyuma vya ukingo upande wangu. Nikaona vidole vya mkono wake usio na kamba vinalegea pale begani. Viwili, vitatu. Nikajisemea: huyo, anakwenda, amekwisha. Nikawaza kwamba kama kontena likitulia yeye hatakuwa na la kushika. Kuwaza huko hakukuchukua muda. Nilichojua baadaye ni kwamba nimevuka mstari, kamba nimeitupa, na mkono wangu wa kulia uko kwenye pembe ya kontena, unalituliza kama ng'ombe.

"Simama! Simama! Simama!"

Ilikuwa sauti ya mkwe wangu. Shangazi alisimamisha kila kitu. Kontena likabaki linatetemeka hewani. Kati yake na chuma cha ukingo palibaki nafasi ya shubiri moja, na ndani ya shubiri hiyo mlikuwa na kiwiko changu.

Sikuogopa. Niliona aibu tu, kama mtu aliyekutwa jikoni kwa jirani anafunua vyungu.

"Mzee, toa mkono," mkwe wangu akasema. Hakuniita baba. Alikuwa ameshika bega lake, sawasawa, vidole vyote vitano. "Rudi kwa njia uliyojia. Nyuma ya mstari. Kaa hapo."

Nikatoa mkono. Nikarudi. Nikakaa hapo.

Akasubiri mpaka nimefika, akainua redio. "Kreni, pandisha nusu mita. Taratibu. Lete kwangu." Akalitua kontena peke yake, kwa kamba moja, katikati ya alama, na hakuligusa mpaka waya ulipolegea.

Mkaguzi alivaa miwani, akaandika muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Huyu kijana amefaulu. Huyu mzee arudie."

Nakwambia walicheka mpaka watu wa ghala jirani wakatoka nje. Shangazi alicheka redioni, akasahau kuachia kitufe, tukawa tunamsikia anapaliwa. Nami nilicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Na niliurudia. Wiki iliyofuata nilikaa benchi ya mbele na wanafunzi wapya, mkufunzi mwenzangu akinipigia kelele za mabega, maneno yangu mwenyewe. Nilifaulu. Vidole bado ni kumi, nimevihesabu sasa hivi.

Lakini kuna jambo moja.

Jumatatu ile jioni tulikula pamoja nyumbani. Mke wangu alikuwa ametengeneza chai kwenye sufuria na kuimimina ndani ya vikombe vya plastiki vilivyoanguka wikiendi nzima, akasema hivyo vimezoea mazoezi. Mkwe alisimama nilipoingia, kama kawaida yake. Akanisubiri nikae. Nikamtazama mikono, ilikuwa imetulia juu ya meza, nikamuuliza swali moja. Akainamia sahani. Binti yangu akacheka. Mke wangu akasema, "Mwache mtu ale."

Ijumaa akaondoka na meli. Nikamuuliza kwa simu akiwa huko baharini, mawasiliano yakakatika, ingawa alipompigia mke wake dakika mbili baadaye yalikuwa mazuri tu. Alipokuja kumwona mtoto nikamuuliza tena, akanipa mtoto nimshike. Sasa miaka imepita, ameshakuwa msimamizi wa deki, kifua kimepona, anakuja likizo na birika jipya kila mara mpaka mke wangu amekosa pa kuyaweka. Kila akija namuuliza. Binti naye nimemuuliza, Shangazi nimemuuliza, hata yule mkaguzi nilimkuta sokoni nikamuuliza, akasema ana haraka.

Na si swali gumu. Nataka kujua tu: pale alipopiga kelele, alijua kwamba ule ni mkono wa baba mkwe wake, au aliona mkono tu?