Ripoti ya Mwalimu wa Machame

Kompyuta zilipoanza kuenea Moshi, nilipata kazi kwenye steshenari moja pale Mawenzi. Mwanzoni tulichapa barua na kutoa kopi za vyeti. Baadaye bosi akagundua kwamba wanachuo hawataki kuchapiwa tu, wanataka kuandikiwa. Akabandika mlangoni karatasi: "Ushauri wa Utafiti." Mshauri mwenyewe nilikuwa mimi, niliyeacha chuo kwa kukosa ada.

Siku moja akaja mama wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Machame. Alikuwa anasomea stashahada wakati wa likizo. Nyumbani alikuwa na mume aliyepooza, ng'ombe wawili na kihamba cha migomba na kahawa, na vyote vilimtegemea yeye.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Akanipa daftari. "Wazazi nimewahoji mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kupanga ndiko kunanishinda. Lakini kazi yenu hii ni halali?"

Bosi akamwonyesha leseni ukutani. "Serikali inatutambua, mama."

Leseni ile ilikuwa ya kuuza vifaa vya ofisini. Nilijua, na bado nikamwandikia risiti.

Usiku ule nililisoma daftari lote. Alikuwa ameuliza kwa nini watoto hukosa shule msimu wa kuchuma kahawa. Mzazi mmoja alimjibu, "Huyu akienda shule, ng'ombe wale nini?" Nilitamani kuiandika ripoti ile vizuri. Lakini kazi zilikuwa zimerundikana, na bosi akanitolea ripoti ya zamani ya mteja mwingine. "Badilisha jina, shule na kijiji. Wasimamizi hawasomi hizi."

Nikabadilisha. Ukurasa mmoja ukanipita, na humo wazazi wa Machame walikuwa bado wakivusha mahindi mpakani Holili, kijiji cha yule mteja wa zamani.

Msimamizi wake alisoma. Chuo kikamfukuza.

Alirudi kwetu akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Hakupiga kelele. Bosi akageuza risiti na kumwonyesha maandishi madogo ya nyuma: mteja ahakiki kazi kabla ya kuiwasilisha.

"Nitakwenda polisi," mwalimu alisema.

"Utawaambia nini, mama? Kwamba ulinunua ripoti?"

Mwalimu akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, daftari langu ulilisoma?"

"Nililisoma, mwalimu."

"Lilikuwa na ubaya gani?"

"Halikuwa na ubaya. Lilikuwa zuri sana."

Nilidhani jibu hilo lingempoza. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya wateja waliokuwa wanangoja kopi zao. Nilimtolea daftari lake mezani. Akalifungia kwenye kanga, akaondoka.

Nimewaambia watu wengi kwamba pale nilikuwa mchapaji tu. Si kweli. Nilikaa miaka miwili mingine nikiwaandikia wengine, wengi wao wenye uwezo kuliko yeye, na tangu siku ile nilihakiki kila ukurasa. Hakuna aliyefukuzwa tena. Baadhi yao leo ni wakuu wa shule.