Kuipita Masta

Siku yangu ya kwanza kazini, miezi michache baada ya Uhuru, karani mkuu wa shamba la mkonge pale Kimamba alinikabidhi meza, taipureta na onyo: karatasi ya Meneja haitafsiriwi kwa kubahatisha. Nikaitikia, ndiyo mzee. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni kwetu Vidunda, na kwa Kiingereza changu nilijisikia kweli kweli.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza maagizo ya Meneja, Mwingereza, yawe Kiswahili cha kuwasomea manyapara. Wiki ya tatu ikaja karatasi ya Mzee Salumu, aliyekuwa akijaribiwa kupanga madaraja ya katani, yaani kutenga nyuzi ndefu nyeupe na zile fupi zenye madoa. Meneja aliandika: "Salumu would pass muster." Sasa, kwetu shambani masta ilikuwa kuitwa majina alfajiri, usipoitika, umekosa kazi siku hiyo. Sikufungua hata kamusi. Nikaandika: Salumu huipita masta.

Nyapara mkuu akaichukua kuwa amri ya Meneja, akamfukuza mchana ule ule.

Jumamosi Meneja akauliza Salumu yuko wapi. Akasoma tafsiri yangu, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mimi nilisema anafaa, amefikia kiwango. Wewe umesema mtoro."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Karani mkuu alitaka kumtuma tarishi, nikakataa katakata. Aliyeharibu ni mimi. Nikaazima baiskeli, nikaenda mwenyewe mpaka Zombo, kwao Salumu.

Nilimkuta Mzee Salumu akipalilia mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza yote.

"Miaka tisa sijakosa masta hata moja," akasema. "Mke wangu ameniuliza, alfajiri zote hizo nilikuwa nakwenda wapi."

Alikubali kurudi kwa sharti moja: nilisome kosa langu mbele ya watu wote, kwenye masta, na mkewe awepo. Nikasoma. Kisha nyapara akaita majina, na Salumu akaitika.

Wakati wa Ujamaa shamba lilitaifishwa, nami nikapata kazi ya ofisi Mikumi, nikaifanya hadi kustaafu. Misemo ya namna ile, "up to scratch" ya kufikia kiwango, "toe the line" ya kufuata amri, niliiandika yote daftarini, na sikutafsiri hata mmoja kabla ya kuuliza. Wajukuu hulifungua daftari hilo wakashangaa, maana ukurasa wa kwanza hauna Kiingereza. Una swali la mke wa Salumu.