Sakafu ya Jirani Yangu wa Malangali

Kila Jumamosi asubuhi jirani yangu alisiriba sakafu ya jiko lake, na kila Jumamosi nilimwonea wivu. Nimesikia watu wakisema wivu wa wanawake ni wa wanaume na nguo. Mimi roho iliniuma kwa ajili ya udongo na mavi ya ng'ombe.

Pale mtaani Malangali nyumba zetu zilitazamana, katikati kuna uwanja na kamba ya nguo. Mimi nilipanga vyumba viwili vya saruji. Yeye aliishi na mumewe na watoto wanne kwenye nyumba ya tofali za kuchoma, na pembeni ana jiko la udongo. Hilo jiko ndilo lililoninyima raha. Watoto wanne, mmoja bado anatambaa, kiangazi cha Sumbawanga upepo unamwaga vumbi mpaka ndani ya chungu, lakini sakafu yake imelala kama ngozi iliyopakwa mafuta. Sufuria zimening'inia kwa mpangilio wa ukubwa. Kila mtoto ana msumari wake ukutani, na kwenye msumari kuna nguo zake.

Kwangu nguo zilikaa kwenye mifuko ya shangazi kaja, ile mikubwa ya safari. Mifuko mitatu, imepangwa nyuma ya mlango. Ukitaka shati unazamisha mkono, unatoa gauni, unatoa soksi moja, unatoa shuka, halafu vyote vinabaki kitandani mpaka jioni. Wanangu wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitatu, walizoea kuishi hivyo. Mimi pia.

Niliacha shule darasa la tano. Si kwamba nilikuwa mjinga, ila nilitaka kuona lori linaloshuka ziwani linaishia wapi. Nilipanda, nikaona linaishia Kirando, nikakaa huko kuanika dagaa. Baadaye nilipika chakula Chala siku za mnada, nikauza mitumba, nikarudi ziwani, nikapanda tena juu. Popote nilipofika niliuliza. Nyavu zinashonwaje, injini ya boti inakula mafuta kiasi gani, kwa nini mahindi ya shamba hili yanaoza na ya jirani hayaozi. Watu walinicheka lakini walinijibu. Baba wa watoto alichoka kunifuata akabaki huko ziwani na maisha yake. Katika kuuliza kote huko sikuwahi kumuuliza mtu namna ya kutunza nyumba, kwa sababu sikuwahi kukaa kwenye nyumba muda wa kutosha ikahitaji kutunzwa.

Jirani yangu alikuwa na utaratibu. Ijumaa jioni watoto wanaokota mavi mabichi njia ya ng'ombe, wanachota na udongo mweusi bondeni. Asubuhi vinakandwa pamoja na maji. Sakafu imegawanywa: mtoto huyu kuanzia mafigani mpaka mlangoni, huyu upande wa mtungi, huyu chini ya dirisha. Kila mmoja anasiriba pake kwa kiganja, anachora michirizi anavyotaka, kisha wote wanatoka nje kusubiri pakauke. Hata yule anayetambaa anashikwa mkono, unapitishwa sehemu ndogo karibu na ukuta. Mtoto akimwaga uji katikati ya wiki, humwoni mama akihangaika. Mwenye sehemu yake ndiye anayepiga kelele. "Umenichafulia pangu!"

Jumamosi moja niliwahesabu kutoka mlangoni kwangu. Waliopiga magoti walikuwa wanne wakubwa. Nikahesabu tena. Wa nne alikuwa binti yangu.

Alirudi na kucha nyeusi, ananuka zizi.

"Ulikuwa unafanya nini kule?"

"Nilikuwa nasiriba pangu."

"Pako?"

"Mama mkubwa amenipa pale penye kuni."

Mama mkubwa. Hakuna aliyemfundisha amwite hivyo. Tangu siku hiyo sentensi zake zote zilianza naye. Mama mkubwa anasema vyombo havilali vichafu. Mama mkubwa anasema mtu hafagii akirudi nyuma. Nikawa nampikia wali siku ambazo hatukupanga wali, nione kama atasema mama mkubwa anapika vizuri zaidi. Hakusema. Alikula, akaosha sahani yake, akaenda kuiegemeza ukutani ikauke kama wanavyofanya kule.

Nilianza kumchunguza yule mwanamke nikitafuta kasoro. Nilitamani nimwone anapiga mtoto, au ana chumba kimoja alichokifunga kwa sababu kimejaa takataka. Siku moja alipokwenda kisimani nilichungulia dirishani kwake. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa, magunia ya maharage, na paka.

Mwezi huohuo mama mmoja mfanyabiashara wa Kirando alinipigia simu. Dagaa wameanza kutoka, anataka mtu anayejua kuanika. Miguu iliniwasha. Nikamwambia baada ya wiki mbili nitakuwa nimeshuka. Jioni niliwaambia watoto. Mdogo akaruka akiimba boti, boti. Binti yangu aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Mimi nitabaki kwa mama mkubwa."

"Nani amesema?"

"Nimemuomba. Amesema wewe ukikubali."

Kesho yake nikaona nguo ya binti yangu ya samawati imening'inia ukutani ndani ya lile jiko. Nguo zake hazikuwemo kwenye mfuko. Alikuwa amezitoa zote, amezihamisha, na kule amepigiliwa msumari.

Sikulia. Nilifanya jambo la kijinga. Nikasema kama anataka sakafu, nitampa sakafu. Ijumaa nilikwenda mwenyewe njia ya ng'ombe na ndoo, nikachota na udongo, na Jumamosi kabla watoto hawajaamka nikasiriba chumba cha mbele chote. Juu ya saruji. Nilichora michirizi mizuri kuliko yao. Nikakaa kizingitini kusubiri.

Saa nne ikaanza kupasuka. Saa tano ikawa inanyanyuka kama magamba ya samaki aliyekauka jua kali. Mwanangu mdogo alibandua kipande akakionja. Kijana mkubwa wa jirani alikuwa akipita na maji, akachungulia, ndoo nusura imponyoke.

"Dah! Mama mdogo kasiriba saruji!"

Wakaja wote. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama yao alifika akifuta mikono kwenye kitenge, akatazama, akajikaza, akashindwa.

"Jamani mdogo wangu. Udongo unashika udongo mwenzake. Saruji ungeipiga deki tu, ungekuwa umeshakunywa chai."

"Nicheke tu," nikamwambia. "Mtoto wangu umeshamchukua, bado kunicheka."

Kicheko kilikatika. Aliwafukuza watoto wake uwanjani kwa mkono, akabaki mlangoni.

"Sikumwita," alisema. "Alikuja akasimama pale, akauliza yeye asiribe wapi. Ungekuwa wewe ungemwambiaje?"

Akaondoka bila kuaga.

Binti yangu peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alichukua kipande cha bati akaanza kukwangua kuanzia pembeni. Nikachukua kisu nikaanza upande wangu. Tulikwangua muda mrefu.

"Kwa nini hutaki kwenda na mimi?"

"Kirando tulihama mara tatu."

"Nyumba zilikuwa mbaya."

"Kikombe changu kilibaki kwenye ile ya pili. Ulisema tutakirudia." Alikwangua kidogo. "Na Chala nilikuwa nimepewa nafasi ya kuongoza usafi darasani. Tukaondoka Jumatano ya wiki hiyohiyo."

Kile kikombe sikukikumbuka hata rangi. Nilijua bei ya dagaa kwenye kila mwalo wa wavuvi niliopita, lakini kikombe cha mwanangu sikukijua.

Jioni nilimpigia yule mama wa Kirando, nikiwa nimekaa uwanjani ili binti yangu asikie. Nilimwambia siji msimu huu.

"Wewe?" alicheka. "Wewe utakuja tu. Nakujua."

Nikarudia kwamba siji, nikakata. Binti yangu alikuwa anapembua maharage. Aliendelea kupembua, hakuja kunikumbatia.

Siku tatu zilipita, nguo zake zikiwa kule. Nilinunua misumari nikaomba kijana wa jirani anipigilie, nikajifanya ni ya mataulo. Siku ya nne binti yangu aliingia na rundo kifuani. Gauni la kanisani, fulana mbili, sweta, nguo za kulalia. Akazipanga kwenye msumari taratibu, akarudi nyuma kuangalia kama zimelingana. Nilihesabu kwa macho, kama nilivyohesabu wale watoto.

"Sketi ya shule iko wapi?"

"Iko kule kwa mama mkubwa."

"Utaileta lini?"

"Msimu wa dagaa ukiisha, kama bado tutakuwa hapa."

Msimu haujaisha. Kila asubuhi anaamka kitandani kwangu, ananawa, anavuka uwanja na shati la shule mkononi. Namwona kupitia mlango wa lile jiko akipokea sketi yake, yule mwanamke akimnyooshea kola. Kisha anarudi kuchukua daftari, amevaa tayari, ananiamkia shikamoo, na mimi naitikia marahaba.