Sumaku, Mazungumzo na Jogoo wa Shukrani

Kwanza wanakuvua vyuma: hereni, pini za nywele, mkufu wenye msalaba. Halafu unakaa kwenye kiti kama cha kinyozi, muuguzi anakuwekea sumaku upande wa kushoto wa kichwa, na mashine inaanza kugonga ta-ta-ta-ta, kama ndege anayetoboa mti. Haiumi sana, inaudhi tu. Na mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kuudhika ilikuwa kazi.

Vidonge vya sonona nilikuwa nimemeza kwa miaka, na bado kila alfajiri niliamka nikakuta wasiwasi umeshanitangulia. Kufundisha nilifundisha, kupika nilipika, lakini kila kitu nilikibeba kama debe la maji la kupandisha mlima. Ndipo daktari wa kliniki moja hapa Moshi akanishauri nijaribu sumaku, na kila nikitoka kwenye kiti niingie chumba cha pili kuzungumza na mshauri.

"Sumaku inalainisha udongo," alisema. "Kupanda, mtapanda kwa maneno."

Nikamwitikia. Mimi ni mtu wa Masama, huko juu mlimani, habari za kulima hazinitishi. Kumbe maneno ndiyo yangenishinda.

Mshauri alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. "Shikamoo mama. Wiki hii imekuwaje?" Nami nikajibu nilivyolelewa kujibu. Sisi Walutheri wa mlimani tunajifunza mapema kutoa ushuhuda kwenye jumuiya: unaanza na shukrani, unapita haraka kwenye jaribu, unamalizia na ushindi. Basi nikamsimulia nilivyolia jikoni kwangu Majengo, hapa mjini, mpangaji mwenzangu alipochungulia nikasingizia vitunguu, "lakini namshukuru Mungu, ikapita." Kila wiki ikawa inapita. Binti alisikiliza, kalamu mkononi, hadi siku moja akaiweka mezani.

"Mama, samahani. Nikikusikiliza, shida zako zote zimeisha. Sasa hapa tunakutana kwa ajili gani?"

Nilikasirika. Nilitaka kumfundisha adabu, lakini sikuwa na nguvu, na kichwa kilikuwa bado kinawasha pale sumaku ilipogonga.

"Jaribu kusema bila kumalizia," akasema. "Ishia pale panapouma."

Nikajaribu. Nikaishia kwenye "nimechoka", mdomo ukabaki wazi ukitafuta "lakini". Nilitoka pale nimechoka zaidi ya nilivyoingia. Ila jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nilisikia chumvi kwenye chakula.

Tatizo likawa mama yangu mzazi. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba naendelea vizuri, kwa neema tu, na yeye akayashika maneno yale. Nilipopanda kwake Masama Jumamosi nikakuta mkungu wa ndizi umeshakatwa na jogoo amefungwa miguu kwenye nguzo ya jiko. Sadaka ya shukrani. Kesho yake ningesimama mbele ya usharika mzima niseme nimepona, kisha jogoo apigwe mnada nje baada ya ibada. Na kwetu, mtu akishapona hadharani haonekani tena akishuka mjini kwenye mashine. Itakuwa amemfanya Mungu muongo, na mama yake pia. Mchungaji alikuwa ameshaambiwa.

Asubuhi kengele ya kwanza ya kanisa ikalia. Mama alikuwa ameshavaa kitenge cha kanisani, anamenya ndizi za mtori wa mchana. Jogoo alikuwa ananitazama.

"Mama," nikasema, "sijapona."

Hakugeuka. "Si ulisema unaendelea vizuri?"

"Nilisema. Mashine inanisaidia kidogo, kuzungumza kunanisaidia kidogo, na bado safari ni ndefu. Nimechoka, mama. Nimechoka tangu kabla baba hajafa."

"Lakini" ikafika kwenye ulimi, nikaimeza. Niliogopa. Nilijua mama ataisema yeye hiyo "lakini", maana ndiye aliyenifundisha. Sikumbuki huzuni yangu hata moja aliyoiacha bila kuitilia amina.

Kengele ya pili ikalia. Mama, ambaye hata baba alipokuwa hajazikwa hakukosa ibada ya Jumapili, akaweka kisu chini. Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, kitenge chake kizuri kikiburuta kwenye majivu.

"Endelea," akasema.