Mume wangu aliosha miguu ya wageni, ya mama yake akaificha

Admin, ficha jina langu na la kanisa letu, lakini hasira yangu usiifiche hata kidogo.

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, naishi Ngoingwa hapa Thika. Mume wangu ni mchungaji huko Ruiru. Tulianza na kibanda cha mabati na viti vya plastiki vya kuazima, na siku hizo alikuwa anapiga deki mwenyewe kabla ya ibada. Leo ana mtu wa kumbebea Biblia. Biblia, jameni! Kwani imekuwa gunia la viazi?

Jumapili ijayo anatawazwa kuwa askofu. Kwetu, kabla mtu atawazwe, lazima kwanza aoshe watu miguu mbele ya kanisa, vile Yesu aliwaosha wanafunzi wake. Hiyo tulifanya Jumapili iliyopita. Yeye mwenyewe alipigia mama yake simu huko Theta akamwambia, "Maitu, nataka nianze na wewe."

Mama yake tunamuita Cucu, mimi na watoto wote. Ni mkulima, na nyayo zake zina nyufa zenye udongo ambao hautoki hata ufanye nini. Siku hiyo alifika kabla hata ya kwaya. Akanivuta kando, anacheka kama msichana. "Hii miguu nimeisugua na jiwe tangu alfajiri, nikaipaka mafuta. Iko sawa?" Nikamwambia iko sawa kabisa.

Akakalishwa mbele, akavua viatu, karai la maji liko tayari. Mtu wa kamera akamnong'onezea mume wangu. Nilikuwa karibu, nikasikia: ati hizo nyufa zitaonekana vibaya kwa skrini kubwa. Nikangoja amkemee. Wapi! Aliinama kwa mama yake na tabasamu akasema, "Maitu, hebu kaa huko nyuma kidogo, nitakuja kwako." Cucu akaokota viatu vyake, akatembea pekupeku mpaka viti vya mwisho. Kwa kiti chake wakaweka mke wa mheshimiwa fulani, kucha zimepakwa rangi, miguu imetoka saluni asubuhi hiyo hiyo. Sasa hapo unaosha nini? Maji yalibaki safi vile yalikuwa.

Halafu mume wangu huyo huyo akashika maiki akahubiri unyenyekevu! Ati ukialikwa karamu usikimbilie kiti cha mbele. Ati Nebukadneza alijisifu mpaka akala nyasi kama ng'ombe. Watu wanasema amina, wengine wanalia. Mimi nilikuwa naangalia nyuma. Cucu alikuwa bado hajavaa viatu. Si aliambiwa "nitakuja kwako"? Alikaa hivyo mpaka ibada ikaisha, na mtoto wake hakuenda.

Nyumbani nilimlipukia kabla hata avue koti. Akaniambia, "Wewe huelewi uongozi. Lazima nilinde sura ya huduma. Maitu mwenyewe hajalalamika, wewe unalalamika kama nani?" Ngai, kidogo nimrushie sufuria. Kisha akaongeza, bila aibu, kwamba Jumapili nimlete Cucu. Unajua kwa nini? Wazee wa kanisa hawawezi kumtawaza kabla mama yake amwekee mkono kichwani ambariki mbele ya watu. Miguu anaionea haya, lakini mkono anauhitaji!

Jana nikaenda Theta, na nasema ukweli, nilienda kumwambia asikuje. Abaki na baraka zake, tuone huyo askofu atatawazwa na nani. Nikampata anapalilia maharagwe. Kabla nifungue mdomo, akaniuliza polepole, "Unaweza kuninunulia soksi? Nyeusi, zile ndefu. Sitaki kumwaibisha mtoto tena."

Mtoto! Mwanaume wa miaka arobaini na tano! Nililia njia yote mpaka Thika, na sikuwa nalia kwa huzuni.

Soksi nimenunua. Ziko kwa mkoba wangu na kila nikizishika nasikia kuchemka. Jumapili hiyo nitapewa maiki nisalimie watu kama mke wa askofu. Nafikiria nimkalishe Cucu mbele, nilete karai, nimwambie mume wangu kamera zikiwa zinaangalia, "Anza hapa, vile uliahidi." Dada mmoja wa maombi ananionya ati mke mwenye hekima hafichui bwanake, nitabomoa nyumba yangu na kanisa pamoja. Lakini nikinyamaza, Cucu atakuja amejificha miguu, ambariki, na huyu mtu atajua kwamba hivyo ndivyo mambo huendeshwa.

Tafadhali msiniambie niombe, nimeomba mpaka magoti yakauma. Nishaurini kitu kimoja tu: Jumapili nimvalishe Cucu hizo soksi, ama nizivue mbele ya kanisa lote?